Karakana ya cherehani ya Babu wa Nevi, Langoni Lamu: nyota nne

Nianze na jibu kabisa kwa wale hawana wakati. Ndio, karakana bado iko wazi. Ndio, mjukuu anaijua kazi. Na usiende Ijumaa. Cherehani yangu imerudi na inashona kaki mikunjo minne bila kuruka hata stichi moja, mwenye haraka aende zake, waliobaki vuteni mkeka maana siwezi kuelezea habari za duka hili nikamruka mwenye duka, na mwenye duka tumemzika mwaka jana.

Hakuna bango. Hakujawahi kuwa na bango. Ukitoka upande wa pwani ukiingia Langoni unauliza tu "kwa Babu wa Nevi ni wapi" na mtoto yeyote atakufikisha, na usimpe pesa mtoto kwa kukuonyesha ndia, Babu alikuwa hataki kabisa. Karakana yenyewe ni daka la nyumba yao, yaani zile baraza mbili za mlangoni, moja anakaa fundi na nyingine anakaa mteja, katikati meza ya mbao ya jahazi la zamani na chini mikebe ya Kimbo imejaa skrubu. Punda akipita na mchanga inabidi ukunje miguu.

Mimi nyumba yangu imepakana ukuta na yao, miaka ishirini na mbili. Nashona madera, mabuibui, na ikifika Januari nashona yunifomu za shule mpaka vidole vinavimba, kwa hivyo huyu mzee kwangu alikuwa jirani na pia alikuwa ndiye chakula cha watoto wangu, maana cherehani ikilala na jiko linalala.

Watu huuliza, mwanajeshi wa majini na cherehani wapi na wapi? Hii hadithi aliisimulia kwa kila mteja mpya na sisi wa zamani tukiisikiza tena kwa adabu. Yeye ni Mbajuni wa huko juu upande wa Kiunga. Vita vya shifta, wale waasi wa upande wa mpaka wa Somalia, vilipoanza 1963 watu wa huko walihangaika sana, vijiji vikahamwa, wengine wakaja Amu, yaani hapa Lamu, wengine Malindi, wengine Mombasa mpaka leo. Mamake alipanda mashua na watoto wanne na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya leso. Sufuria aliacha, mbuzi akawaacha, cherehani akaipakata kama mtoto. Maji ya bahari yakaingia. Walipofika Amu chuma kimeanza kutu na yeye Babu, kijana tu wa miaka kumi na kitu, akachukua mafuta ya nazi akaipaka yote ndani na nje akidhani amefanya jambo. Baada ya wiki mafuta yamegandamana kama gundi, gurudumu halizunguki. Mamake hakumpiga, alimwambia umeifunga sasa ifungue. Akaifungua kipande kipande kwa mafuta ya taa, ikamchukua mwezi mzima, na hapo ndipo alipojifunza.

(Kwa hivyo nawaomba, wapendwa, msitie mafuta ya kupikia kwenye cherehani, sio ya nazi sio ya kukaangia viazi. Nunueni kile kichupa cha mafuta ya cherehani. Nimeona mwanamke mzima juzi anatia mafuta ya nywele, nikanyamaza kwa sababu haikuwa yangu lakini roho ilinikereketa.)

Nevi ya Kenya ilianza 1964, na 1966 ndio zikaja zile meli tatu za doria, Simba, Chui na Ndovu. Babu aliingia 1968, kambi ni Mombasa, akawekwa chini kwenye mashine za dizeli za Chui. Alisema kule chini kelele ni nyingi mpaka mnaongea kwa mikono, na hapo hapo kwenye kelele bosi wake alimfundisha kusikiza. Unachukua bisibisi yenye mpini wa mti, ncha unaiweka kwenye chuma cha mashine, mpini unautia sikioni, na unasikia kila kitu ndani kama daktari na kifua cha mtu. Alistaafu akarudi Amu na ile bisibisi na akaifanyia cherehani vivyo hivyo. "Cherehani ni mashine ya meli ilokonda," ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa ukimpelekea kazi ilikuwa hivi. Umebeba kichwa cha cherehani mwenyewe jasho linakutoka, unapiga hodi, unataka kuanza kueleza, "Babu hii inakata uzi halafu inafanya ta ta ta," na yeye anakuwekea kidole mdomoni. "Nyamaa mwanangu. Wewe ushasema, naiseme na yenyewe." Anazungusha gurudumu kwa mkono polepole, bisibisi sikioni, amefumba macho. Dakika tano nzima. Wewe unaangalia punda. Kisha anafumbua anakwambia ni wapi, na mara tisa kwa kumi ni hapo.

Masharti ya malipo, na hili ndilo linahusu hii habari yangu: hakuchukua hela siku ya kuchukua mashine. Unaenda nayo nyumbani, unashona nguo moja nzima ya kuvaliwa, unamletea nguo. Anaigeuza ndani nje, anaangalia mishono kwa miwani yake iliyofungwa uzi, kisha anasema "itakwenda". Hapo ndio unalipa. Hakuwahi kusema imepona wala imekuwa nzuri. Itakwenda, basi. Nikamuuliza siku moja kwani Babu hukusudii kumsifu mtu wala kitu, akanambia baharini ukisema mashine ni nzima inakusikia.

Lakini nisimfanye malaika kwa sababu amekufa, hiyo tabia ya kwetu siipendi. Alikuwa mkaidi. Cherehani za mota ya stima hakuzigusa, alisema hizo zina haraka ya kukosea, na watu wakahamia kwa mafundi wengine. Ukimletea mashine chafu yenye pamba na vumbi ndani alikuwa anakurudishia hapo hapo mbele ya watu, kaisafishe kwanza. Na mwaka mmoja aliiweka mashine yangu siku kumi na tisa, KUMI NA TISA, wakati nina nguo za harusi za watu, kwa sababu tu kuna mlio hakuupenda. Mashine ilikuwa inashona! Nilipiga makelele mpaka mkewe akatoka na uji. Harusi ile nguo nlienda kushonea kwa mwenzangu kwa kumlipa, na sikuongea na Babu wiki nzima. Siku ya nane akagonga ukuta kwa nyundo mara tatu, ndio ilikuwa ishara yake ya "njoo uchukue", na mlio ulikuwa umekwisha kweli, na sijui kama nlifurahi au nliudhika zaidi.

Mwaka nnaomkumbuka nao sana ni 2014. Wenyeji mnajua, baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni tukawekewa kafyu, usiku hakuna kutoka na wavuvi hawana ruhusa ya kuvua usiku. Mji wa watu wa pwani uvuvi wa usiku ukizuiwa, jamani, hiyo ni njaa yenye adabu, watu hawasemi lakini sufuria zinasema. Wanaume wakakaa barazani mchana mikono mitupu na wanawake wakatoa cherehani uvunguni, za mama zao, za bibi zao, nyingine hazijazunguka miaka kumi, wote kwa Babu. Alizitengeneza zote. Daftari lake la mwaka ule ni nene kuliko ya miaka mingine na mistari mingi haijakatwa mpaka leo, yaani hawakulipa na hakuwadai. Saa ya kafyu ikikaribia alikuwa anaingiza mikebe ndani mmoja mmoja na kusema, "Mimi hii naijua, niliikimbia nikiwa mdogo nikaifukuza nikiwa mkubwa, na bado imenifuata uzeeni." Hilo tu, hakuongeza.

Na kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe 28 Septemba 2012, jeshi letu liliposhuka Kismayo, kule Somalia, kutoka baharini. Redio ilikuwa mezani. Vijana wa baraza wakaanza kumpongeza, Babu nevi yenu imeingia! Na yeye aliyekuwa kila siku akisifu Chui na Ndovu akazima redio akaendelea kupanga skrubu. Wabajuni tuna ndugu mpaka Kismayo na visiwa vyake, shangazi yake alikuwa huko. Nlimwona akishika sanduku la simu la mtaani... hapana nakosea, ilikuwa simu ya mkewe, akipiga namba moja tangu adhuhuri mpaka Isha. Ilipokelewa siku ya tatu.

Alivyokufa. Alikuwa amehamishiwa kwa bintiye mtaa wa Gadeni wiki mbili sababu ya kifua, ndiyo maana ukuta ulikuwa kimya na mimi sikufikiria vibaya. Alfajiri msikiti ukatangaza jina la maiti, jina lake na la babake na la ukoo, na wallahi sikulijua. Nikasema innalillahi kama unavyomwambia maiti yeyote nikaendelea kukanda unga wa mahamri. Miaka ishirini na mbili na sikuwahi kulisikia jina la jirani yangu kamili! Mpaka nikasikia mlango wa kwao unafunguliwa na watu wanatoa mikebe dakani kupisha njia ya jeneza. Familia imeniomba nisiliandike hapa na sitaliandika, atabaki Babu wa Nevi.

Wanaume walimchukua kabla ya adhuhuri, ndia zetu mwazijua, jeneza linapita na wanaobeba wanasugua mabega ukutani, punda wawili wa mchanga wakarudishwa nyuma mpaka kona. Sisi wanawake tuliangalia kutoka juu. Mtoto wake akatangaza kama ilivyo desturi, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu pia ajue.

Siku ya tatu ya matanga akatokea mzee mmoja mrefu kutoka Likoni, amepanda basi usiku mpaka Mokowe na boti asubuhi, mwenzake wa meli. Akakaa akanywa kahawa, akasoma Fatiha, kisha akasema anamdai marehemu. Kimya. Mtoto wa marehemu akatoa daftari na kalamu. Ati deni ni nini mzee? "Bisibisi. Ya mti. Aliniazima 1971." Watu walicheka matangani mpaka wakajificha kwa vilemba, wamama ndani tukauliza kuna nini huko nje. Tukafikiri ni mzaha wa kizee. Sio mzaha. Ililetwa, akaiangalia mpini, kuna alama kaitia yeye kwa kisu, akaionyesha, akaiweka mfukoni, akashukuru akarudi na boti ya saa nane. Haki ni haki, hakuna aliyelalamika, lakini mjukuu alibaki ameshika mkebe mtupu.

Sasa huyo mjukuu ndiye fundi wa sasa na hapa ndio nafika kwenye huduma.

Mimi pia nlikuwa na deni. Kazi ya mwisho Babu alinifanyia ni cherehani hii hii, Butterfly nyeusi, ilikuwa inaruka stichi, bei shilingi 450. Nlishona dera nikampelekea, akageuza, akanyamaza, hakusema itakwenda. Akanambia jaribu kaki. Kisha akaugua. Baada ya matanga nikaenda na hela yangu, mjukuu akafungua daftari, na mstari wangu ni wa mwisho kabisa chini ya ukurasa, hati yake ile ya kuinama: "Jirani. 450. Bado yaruka kwa kaki. Asilipe". Jamani nlilia pale pale kwenye daka. Nikarudi nyumbani nikahadithia kila mtu, Babu amenisamehe deni akiwa kitandani, nikapika sinia ya biriani nikatoa sadaka, nikamwombea kila baada ya sala.

Lakini cherehani iliendelea kuruka. Nikafanya ujinga, badala ya kwenda ukuta wa pili nikaagiza kipuri kwa duka moja la Mombasa, silitaji, kile chuma cha duara chenye ncha kinachodaka uzi chini kwenye bobini. Kikaja kinang'aa kama bangili ya Idi. Kilidumu siku nne na kikakwaruza njia yake. Desemba imeingia, nina oda ya suruali fupi za kaki thelathini, nikakunja uso nikabeba kichwa cha cherehani kwa mjukuu.

Kijana ana miaka ishirini na sita. Ana simu mezani, ana miziki masikioni, nikasema haya leo nimekwisha. Nikaanza kueleza, akatoa kile cha masikioni, akanambia, "Samahani khalati, nyamaza kidogo." Akachukua bisibisi, ya plastiki hii, kainunua dukani, akaiweka sikioni akazungusha gurudumu. Aliirudia mara tatu na kulalamika kwamba plastiki haisemi vizuri kama mti. Kisha akafungua.

Alichokuta: kipuri kipya ni chuma laini, ncha ishainama. Kipuri cha zamani, nlikuwa nimekihifadhi kwa bahati, ncha yake ina kijikwaruzo hata kwa jicho hukioni, alinipitishia ukucha wangu nikakihisi. Kikiwa hivyo ncha inachelewa kidogo kudaka uzi, kwa pamba nyepesi inapita lakini kwa kaki sindano inapinda kidogo na ncha inakosa, ndio kuruka kwenyewe. Akakisugua kwa msasa mwembamba uliolowa mafuta, taratibu, kama mtu anayemnoa mtoto meno. Akarekebisha urefu wa kile chuma kinachobeba sindano. Akanifokea (kwa heshima, lakini kunifokea) kwamba nashonea kaki kwa sindano namba 14, namba 16 khalati, na ikibidi 18. Akaniambia chumvi ya hapa inaingia hata nyumba imefungwa, kila jioni nipanguse kwa kitambaa kikavu na nifunike, kila wiki mafuta matone machache na baadaye nishone kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kutoka.

Siku mbili tu, sio kumi na tisa.

Ubaya wake niuseme. Simu hapokei. Utampigia mpaka betri iishe na yeye yupo hapo hapo daka anakuona unapita. Mchana baada ya adhuhuri analala na hakuna wa kukwambia. Sindano zake anauza shilingi kumi zaidi ya dukani. Baraza ya mteja imevunjika kona moja na haijajengwa, mwenye mgongo aende na mto. Na hadithi hana! Unakaa pale dakika arubaini humsikii neno, mimi niliyekuwa nachoka na meli ya Chui sasa nimeitamani. Kwa upande mwingine anatengeneza za mota, kwa hivyo wale mlioondoka mwaweza kurudi.

Masharti ya nguo ya kwanza bado yapo. Nikashona suruali moja fupi nikampelekea asubuhi. Akaigeuza ndani nje. Hana miwani lakini alikuwa ameikunja shingo vile vile. Akavuta mshono wa matako kwa nguvu zote mpaka nikaogopa.

"Itakwenda," akasema. Halafu, "Mia saba."

Nikamuuliza mia saba za nini, tulisema 250. Akasema 250 yangu na 450 ya Babu. Nikamwambia mwanangu, babu yako aliandika nisilipe, umenisomea mwenyewe hapa hapa nikalia. Akavuta daftari, akafungua ule ukurasa, mstari wa mwisho, Asilipe. Kisha akageuza ukurasa wa pili, juu kabisa, maneno mawili peke yake kwa hati ile ile ya kuinama.

"mpaka iwache."

"Imewacha, khalati?"

Nikatoa mia saba.